Hanifa na Salamu ya Bi Maimuna

Mimi ndege sipandi, na wala hakuna aliyenibembeleza nipande, kwa hiyo tumalizane na hilo mapema. Haya ninayoyaeleza nimeyapata kwa mtoto wa ndugu yangu, Hanifa, ambaye kazi yake ni kuhudumia abiria kwenye ndege ndogo za kukodi, zile jeti za viti vichache ambazo wenye nazo huzikodi kama sisi tunavyokodi tuktuk. Amenisimulia vipande vipande, kipande leo, kipande mwezi ujao. Vingine nimevipata kwa Abdulaziz, mtu wa Ukunda, ambaye mtamjua hapo mbele. Mimi ni fundi cherehani hapa Mwabungo, na wateja wangu wanajua kwamba nikipewa kitambaa chenye tundu huwa naulizia lile tundu kabla ya bei. Kwa hiyo nimemuuliza Hanifa kila kitu.

Hanifa ni mwoga. Nasema hivyo nikimpenda. Utotoni alikuwa akiogopa kuku, akiogopa jenereta ya jirani, akiogopa mtungi wa gesi hata ukiwa mtupu. Baba yake, kaka yangu Suleiman, alikuwa msukaji na mwezekaji wa makuti kwenye hoteli za Diani, na siku za likizo mtoto alikuwa akimfuata kazini. Watoto wengine wangecheza mchangani. Yeye alikuwa akisimama chini ya paa, shingo ameikunja, akilia, "Baba shuka! Shuka, Baba!" mpaka mafundi wengine wakamwambia Suleiman amwache nyumbani, anawatia kiwewe.

Mama yake alipofariki nikamchukua mimi. Nilimlea kwa adabu, na sijutii. Huku kwetu mtoto hapiti mbele ya mtu mzima kama paka. Hanifa akitoka shule akaingia ndani kimya, nilikuwa namrudisha mlangoni aingie upya. "Shikamoo, Shangazi." "Marahaba. Sasa keti ule." Na nikamfunza pia kwamba mtu akikuuliza habari, unajibu njema kwanza. Hata kama unaumwa jino. Njema, alhamdulillahi, kisha ndipo unalitaja hilo jino. Kumrushia mtu shida yako usoni kabla hajaketi ni ukosefu wa malezi. Wale wa bara waliojaa Ukunda siku hizi hawana subira na mambo haya. Wao huanza na jino.

Alipomaliza shule akapata kazi ya mapokezi kwenye hoteli moja ya Diani, na huko ndiko alikosikia habari za chuo cha wahudumu wa ndege. Aliponiambia nilicheka mpaka uzi ukakatika kwenye mashine. "Wewe? Unayeogopa ngazi?" Akanijibu kwa utulivu ambao sikuuzoea, "Shangazi, mle ndani woga una kazi." Na kweli, ulikuwa na kazi. Alikuwa akikagua kitasa cha mlango, akarudi akakikagua tena. Alikuwa akigusa kila mkanda. Nahodha wake, Kapteni Katana, mtu wa upande wa Kilifi, alimpachika jina la Mkaguzi, lakini hakumzuia hata siku moja. Huyo Katana nilimwona mara moja alipomleta Hanifa nyumbani. Ni mtu mkavu, anajibu kwa kichwa. Hanifa aliniambia kwamba tangu wafanye kazi pamoja hajawahi kumsikia akicheka ndani ya ndege.

Likumbukeni hilo.

Sasa, yule Abdulaziz ana maduka ya vifaa vya ujenzi pale Ukunda, na mama yake, Bi Maimuna, anakaa Msambweni. Bi Maimuna alikuwa na ugonjwa wa moyo. Kilango kimoja cha moyo kilikuwa hakifungi sawasawa, akawa hata kutoka jikoni hadi sebuleni ni safari ya kupumzika njiani. Madaktari wakasema afanyiwe upasuaji Nairobi. Barabara walimkataza, kwa mashimo na urefu wake. Kwa ndege wakamruhusu, lakini kwa sharti, na sharti hilo Abdulaziz alimweleza Hanifa pale pale uwanjani, mbele ya ngazi: hewa ya ndani iwe nzuri muda wote. Ule moyo hauna akiba. Ukikosa hewa hata kwa muda mfupi, unaweza kusimama.

"Nimekuelewa, Baba," Hanifa akasema.

Waliondokea Mombasa asubuhi, maana njia ya kurukia pale Ukunda ni fupi kwa ndege ile. Abiria walikuwa wawili tu, mama na mwanawe. Bi Maimuna alipandishwa ngazi akiwa ameshikwa pande zote, buibui jipya, na mikono imepakwa hina mpaka kwenye viganja, kucha zote zimeiva. Wajukuu zake walikuwa wamempamba usiku wa kuamkia safari. Mtu anakwenda kupasuliwa, wao wanampaka hina kama bibi harusi! Lakini ndivyo tulivyo, hatumtoi mtu wetu nyumbani akiwa mkavu mkavu. Na shavuni alikuwa ameweka tambuu yake ya kutafuna, midomo imekolea wekundu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa wapi?"

"Wa Mwabungo, Bibi."

"Mwabungo kwa nani?"

"Kwa Suleiman, msuka makuti."

"Kumbe wetu!" Bi Maimuna akamshika mkono, naye Hanifa akauinamia ule mkono wenye hina akaubusu, kama nilivyomfunza. "Basi sina wasiwasi," bibi akasema. "Nitakaa kwako."

Hanifa ananiambia kwamba neno hilo lilimkalia kifuani tangu wakati ule.

Kabla sijaendelea niwaeleze jambo moja ambalo hata mimi nililazimika kuelezwa mara kadhaa. Juu wanakopita ndege zile hewa ni chache mno, mtu hawezi kuishi nayo. Kwa hiyo injini zinasukuma hewa ndani ya ndege na kuishikilia humo, watu wapumue kama wako chini. Hewa ile ikivuja polepole, hakuna kishindo wala maumivu. Mtu analegea akili kama mlevi, tena mlevi mwenye furaha. Anajiona mzima kuliko jana. Ndiyo maana ndege ina kengele ya kuwaonya marubani, na barakoa za oksijeni zinazoanguka zenyewe kutoka darini.

Siku ile kengele haikulia. Baadaye mafundi waligundua kwamba waya wake, ule ule unaoamuru barakoa zianguke, ulikuwa umechomoka, na kwamba mpira unaoziba mlango ulikuwa umechakaa upande wa chini. Mambo mawili kwa pamoja. Lakini hayo ni ya baadaye. Wakati ule Hanifa alijua tu kwamba masikio yanamziba na kuzibuka, yanaziba na kuzibuka, wakati kwa kawaida huwa yamekwisha kutulia.

Wakazidi kupanda. Hanifa akaenda kwenye jiko dogo la nyuma kuandaa chai. Ndani ya droo alikuwa na pakiti ya kachri, vile vipande vyembamba vya muhogo vya kukaangwa, aliyoinunua Ukunda, chakula chake cha njiani. Huko juu pakiti hufura kidogo, hilo wanalijua wote. Lakini alipofungua droo aliikuta imevimba, imekaza, herufi zake zimetanuka. Akaigusa kwa kidole. Ikapasuka, paa! Kachri zikamrukia kifuani.

Abdulaziz akageuka akacheka. Akacheka, akaendelea kucheka, akapangusa machozi, akacheka tena. Kachri zenyewe hazikuwa na kichekesho kiasi hicho.

Hanifa akaziacha kachri pale sakafuni. Akachukua simu ya ndani inayoongea na chumba cha marubani.

"Kapteni, huko mbele salama?"

"Salama! Salama salimini, Hanifa!" Katana akajibu kwa sauti ya mtu aliye karamuni. "Na huko nyuma, salama?"

"Salama, Kapteni."

Akarudisha simu mahali pake. Kisha akabaki ameitazama. Neno lilikuwa limetoka lenyewe. Ameulizwa habari, amejibu njema, na hilo jino hakulitaja. Alikuwa amepiga simu ili aseme kwamba hewa haiko sawa, na alichosema ni salama. Aliponisimulia hapa alininyooshea kidole. Nikamwambia asinitie mimi kwenye mambo ya ndege. Lakini usiku ule sikulala vizuri, naungama.

Angeinua simu tena, lakini sasa woga wake wa kawaida ukaingilia kati, na woga huo ndio uliomchanganya. Kengele haijalia. Barakoa hazijaanguka. Nahodha kasema salama. Nani anayesema si salama? Ni Hanifa peke yake, Hanifa wa kuogopa kuku, kwa sababu ya pakiti ya kachri. Na akipiga kelele bure, marubani watateremsha ndege kwa ghafla, vitu viruke, watu wapige mayowe, na yule bibi mwenye moyo usio na akiba ashtuke. Kelele zenyewe zingeweza kumuua. Alisimama pale na bilauri mkononi, haendi mbele wala harudi nyuma. Anasema hata ncha za vidole alizihisi zikimchomachoma, na akajiuliza kama ni hofu au ni hewa, na akashindwa kujua.

Akaamua amtazame Bi Maimuna kwanza. Chuoni walifundishwa: mtu akikosa oksijeni tazama kucha na midomo, vinageuka rangi ya buluu. Akapiga goti kando ya kiti. Akatazama kucha. Hina. Kucha zote nyekundu zilizokolea kama kuni zenye moto. Akatazama midomo. Tambuu. Midomo myekundu, mizuri, ya kupendeza. Alama zote mbili za chuoni zilikuwa zimepakwa rangi.

"Bibi, hujambo?"

"Sijambo, mwanangu."

"Hakuna kinachokusumbua?"

"Hakuna. Alhamdulillahi."

"Unapumua vizuri?"

"Vizuri sana, mwanangu. Njema tu."

Angejibu nini kingine? Bi Maimuna ni mtu wa Msambweni, amelelewa kama mimi. Angekuwa anakata roho angesema sijambo. Hanifa alilijua hilo, na kulijua hakukumsaidia. Kutoka mbele aliwasikia marubani wakizungumza, kisha akasikia kicheko. Kicheko kikubwa, cha kutoka tumboni. Alikuwa Kapteni Katana.

Akavuta shuka kumfunika bibi miguu. Wakati huo Bi Maimuna akafumbua macho, akamtazama. Akamtazama kwa heshima, anasema Hanifa, jinsi mtoto mdogo anavyomtazama mtu mzima aliyemfumania. Akautwaa mkono wa Hanifa kwa ile mikono yake yenye hina, akauinua taratibu mpaka mdomoni, akaubusu.

"Shikamoo, Mama," Bi Maimuna akasema.

Mimi nimeishi miaka mingi na sijapata kuona mtu mzima akimwamkia mtoto. Hata mwenye homa kali, hata aliyechanganyikiwa, mara nyingi hiyo ndiyo adabu ya mwisho kumtoka. Na Hanifa, aliyerudishwa mlangoni utoto wake wote kwa ajili ya neno hilo, hakuhitaji kuelezwa na kengele yoyote. Alijua hewa imekwisha. Hakuweza kuitikia marahaba, kwani angemwitikiaje bibi wa watu? Na kuiacha salamu bila jibu pia hakuwahi kufanya maishani mwake. Akaiacha. Akauchomoa mkono wake, akasimama.

"Mama anakutania," Abdulaziz akasema huku akitabasamu, kichwa kimelala begani.

"Mshike mama yako, Baba. Usimwachie."

"Unakwenda wapi? Unamwacha? Mama anakuhitaji!" Akamkamata ukingo wa koti, na sasa hakuwa anacheka. Mkono wake ulikuwa na nguvu za mtu asiyejua anafanya nini.

Hapa ndipo Hanifa husita kila mara akisimulia. Moyo wake wote ulimtaka abaki na yule bibi. Neno la "nitakaa kwako" lilimrudi. Lakini barakoa za abiria, zikishindwa kuanguka zenyewe, huangushwa kwa swichi iliyoko mbele kwa marubani, na ndege hawezi kuiteremsha mwingine ila wao. Akajivua lile koti, akaliacha mkononi mwa Abdulaziz, akaenda.

Kijia kile cha kati ya viti ni kifupi, mtu mwenye afya angekimaliza kabla hajavuta pumzi. Yeye anasema alikuwa akivuta miguu kama aliyeingia kwenye matope ya mikoko kule Gazi. Akafungua mlango. Katana alikuwa ameegemea, uso umechangamka, na msaidizi wake, kijana wa bara, alikuwa akitazama nje ya dirisha na kuhesabu mawingu.

"Aa, Mkaguzi!" Katana akasema. "Salama?"

Na ulimi wake, nawaapia, ulikuwa tayari kusema salama. Alihisi neno limefika kwenye meno. Akalimeza.

"Si salama!" akapiga kelele. "Si salama, Kapteni! Barakoa! Vaeni barakoa!"

Sasa nimsifu Katana, maana anastahili. Akili yake ilikuwa imekwenda, lakini mikono ilikuwa imefundwa. Marubani hao hufanyishwa zoezi lile tena na tena mpaka mkono unatangulia, na wakisikia neno barakoa kutoka kwa yeyote aliye kazini, wanavaa kwanza, maswali baadaye. Mkono wa Katana ukapanda juu, ukaivuta barakoa, ukaibandika usoni, na yeye bado anatabasamu. Akavuta pumzi, akavuta nyingine. Hanifa akamwona akirudi. Tabasamu likaanguka, macho yakakaza, yakaenda moja kwa moja kwenye saa inayoonyesha kiasi cha hewa ya ndani. Mshale ulikuwa umevuka mahali pote unapotakiwa kukaa.

Katana akampiga msaidizi wake kofi la begani, akamvika barakoa kwa mkono wake mwenyewe. Akageuza swichi, na nyuma barakoa za abiria zikaanguka, zikaning'inia. Akapunguza nguvu ya injini, akainamisha pua ya ndege.

"Shuka, Kapteni," Hanifa alikuwa akisema, na hakujua kama anasema kwa sauti. "Shuka. Shuka."

"Rudi nyuma, uvae," Katana akasema kupitia barakoa. "Nashuka."

Ndege ikageuka kurudi upande wa Pwani, ambako ardhi ni ya chini na hakuna mlima wa kugonga, na ikateremka kwa kasi ambayo Hanifa hajaiona kabla wala baadaye. Alirudi akishika viti, sakafu imelala kama paa la makuti. Masikio yalimuuma kama yanachomwa. Alijivalisha barakoa yake kwanza, kama sheria yao inavyosema, na mimi nilipolisikia hilo niligomba sana, nikamwambia mbele ya mgonjwa mtu mzima unajitanguliza wewe? Akaniambia, "Shangazi, ningeanguka juu yake." Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Abdulaziz alikuwa ameangusha kichwa. Akamvika. Kisha Bi Maimuna. Mkono wa hina ulikuwa umelala kitini, kiganja juu. Akamfungua ushungi, akamfungua mdomo, akaingiza kidole shavuni akaitoa ile tambuu yote isije ikamkaba, akampangusa midomo, akamvika barakoa, akakaza utepe juu ya nywele zake nyeupe. Akaweka sikio kifuani. Ndege ilikuwa ikinguruma, na kwa mngurumo ule hakuweza kusikia kama kuna moyo au hakuna.

Wakafika chini kunakopumulika. Katana akashika mwenyewe kipaza sauti, sauti yake kavu kama zamani, akasema wanaweza kuvua barakoa, wanarudi Mombasa, gari la wagonjwa linawangoja. Abdulaziz akazinduka, akatazama huku na huku, akauliza, "Kumetokea nini?" Kisha akamwona mama yake. Akaanza kumwita. "Mama. Mama. Mama." Hakuitikiwa. Kwa vile midomo ilikuwa imepanguswa tambuu, sasa rangi yake ya kweli ilionekana, na Hanifa akatamani asingeiona. Hakumvua yule bibi barakoa. Alikaa sakafuni miguuni pake mpaka magurudumu yakagusa ardhi, ingawa sheria inamtaka awe kitini amejifunga mkanda. Katana hakulitaja hilo kwenye taarifa yake.

Uwanjani walimteremsha kwa machela, wakaiweka chini kwenye kivuli cha bawa. Muuguzi akapapasa mkono, akapapasa shingo. "Mapigo yapo, ila ni madogo," akasema. Akamwita kwa jina, akamfinya bega. Kimya. Akasema kwa Kiingereza kitu ambacho Abdulaziz alikielewa, maana alijishika kichwa akachuchumaa palepale kwenye lami, mtu mzima, tajiri wa watu, akalia.

Hanifa akapiga magoti upande wa pili. Hajui kwa nini alifanya alichofanya. Mimi najua. Kulikuwa na salamu iliyobaki bila jibu, iliyotolewa na asiyepaswa kuitoa, na mtoto niliyemlea hakuweza kuiacha ilivyo. Ilibidi warudi mlangoni waingie upya. Akautwaa ule mkono, akauinamia, akaubusu, akasogea sikioni.

"Shikamoo, Bibi."

Hapakuwa na jibu. Muuguzi akataka kumwondoa.

"Shikamoo, Bibi. Ni mimi, wa Mwabungo. Shikamoo."

Ndani ya barakoa ukungu wa pumzi ulikuwa ukija na kupotea, unakuja, unapotea. Ukachelewa kuja. Hanifa anasema hapo ndipo alipoogopa kuogopa kwenyewe, na kwamba woga wote mwingine wa maisha yake, wa kuku na wa mitungi na wa paa, ulikuwa mzaha. Kisha ukungu ukaja mkubwa kidogo kuliko wa kwanza, na midomo ikasogea.

"Marahaba," Bi Maimuna akasema. Na baada ya kupumzika, "mwanangu."

Abdulaziz aliponisimulia hapo alisimama akaenda kutazama vitambaa vyangu ukutani, akivigeuza kana kwamba anataka kununua.

Bi Maimuna alilazwa, moyo ukatulia. Upasuaji alifanyiwa mwezi mwingine, na Nairobi alikwenda kwa treni, barakoa na chupa ya oksijeni pembeni, na muuguzi, na bila hina. Yuko Msambweni sasa. Anatoka jikoni hadi sebuleni bila kupumzika njiani, na tambuu hajaacha. Hanifa alirudi kazini. Nilimsihi asirudi, akarudi. Katana haulizi tena "salama?" akiwa angani. Anauliza "Unaona nini?" na Hanifa anamwambia anachokiona.

Mimi sikubadilika, na sitabadilika. Ukija kwangu utaamkia. Lakini kuna jambo moja. Kila siku ya safari, kabla ya kuingia ndegeni, Hanifa hunipigia simu. "Shikamoo, Shangazi," kisha ananyamaza, anangoja. Juzi alinikuta nina pini mdomoni, napinda kanzu ya mtu, na kwa sababu mimi ni mtu wa utani nikasema ngoja nimwache kidogo, nimchokoze. Nikakaa kimya. Nikasikia pumzi yake kwenye simu, fupi, kisha sikuisikia kabisa.

Nikatema pini zote sakafuni. "Marahaba," nikasema. "Marahaba, mwanangu, nipo. Marahaba."